Mbu wa Sikio la Kushoto

Mtaani walimwita Nyundo, na mgeni alidhani jina hilo limetokana na kazi. Ni kweli alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, na nyundo haikumtoka mkononi. Lakini jina alilipata kabla hajamiliki hata bisibisi, siku alipomvunja taya kuli mmoja wa sokoni aliyemtukania mama yake. Ngumi moja tu. Kuli alikula kwa mrija mwezi mzima, na mtaa ukapata jina la kumwita kijana.

Ufundi wenyewe alifunzwa kwa kipigo. Fundi aliyemlea kazini alikuwa na mkanda wa feni, umetundikwa ukutani kwenye msumari wake peke yake, na kila mwanagenzi aliyeharibu alijua utaratibu: unauchukua mwenyewe, unampelekea, unageuka. Nyundo aliuchukua mara nyingi kuliko wenzake. Alipofungua gereji yake, mkanda ukahamia ukutani kwake, na wanagenzi wake nao wakaujua msumari. Hakuona ubaya. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyoambiwa, na tena alikuwa ameona kwa macho yake bati likinyooka kwa kupigwa. Kwa nini binadamu asinyooke? Fikra za namna hiyo zimejaza dunia vilema, lakini nani angethubutu kumwambia hivyo mtu mwenye mkono ule.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa siku alipookota msumari na kuchora kwenye mlango wa gari jeusi lililotoka kupakwa rangi asubuhi hiyo hiyo. Alichora mtu anakimbia. Mtu yule yule, tena na tena, toka bawaba hadi kitasa, kila mmoja mguu umesogea kidogo kuliko wa nyuma yake, hata ukipita unautazama mlango ulimwona anakimbia kweli. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale, na badala ya kugomba alicheka. Kicheko chake ndicho kilichomponza mtoto, maana Nyundo aliweza kuvumilia hasara, kuchekwa hakuweza. Hakwenda hata kuuchukua mkanda. Alikunjua kiganja, kigumu kama soli ya buti, akakishusha kwenye sikio la kushoto.

Mtoto alizunguka kwanza, ndipo akaanguka. Hakulia. Damu ilitoka sikioni, si nyingi, ikashuka shingoni mpaka kwenye kola ya shati la shule. Hospitalini daktari aliuliza kulikoni, na Nyundo akasema mtoto ameanguka ngazini. Daktari akamgeukia mtoto. "Nilianguka," mtoto akasema. Maishani mwake Nyundo alikuwa amepigwa mikanda, mateke na mara moja chupa, lakini hakuna kilichowahi kumuuma kama neno lile. Aliporudi aling'oa mkanda ukutani, akauchoma nyuma ya gereji pamoja na matambara ya mafuta, akaapa kwamba mkono wake hautagusa tena kiumbe mwenye damu. Na kiapo hicho alikishika.

Kwa siku nyingi baadaye mtoto alikuwa akipunga mkono karibu na kichwa chake. "Kuna mbu," alisema. Nyundo akafunga chandarua kipya. Akapuliza dawa chumba kizima, akaziba tundu zote za dirisha, akafukia hata dimbwi la uani. Mtoto bado akapunga. Halafu siku moja akaacha, na Nyundo akamwuliza mkewe, "Sikio je?" Mkewe, aliyekuwa akimwona mume wake hali wala halali, akajibu, "Limepona." Tangu hapo kila alipouliza alijibiwa hivyo hivyo, mpaka akaacha kuuliza.

Mtoto akapelekwa kwa mjomba wake kusoma, akakulia huko. Alipokuja likizo alikuwa na adabu zote: shikamoo baba, asante baba, usiku mwema baba. Walizungumza kama wateja wawili wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Mtu mzima sasa, ndevu zimemjaa, alirudi nyumbani siku moja na begi la nguo, begi la kamera, na rundo la karatasi alizoziita skripti.

"Baba, nakuomba gereji siku za mapumziko," alisema. "Natengeneza filamu."

"Filamu ya nini?"

"Ya kutisha. Kuna mtu anawaua watu mmoja mmoja. Ni fundi wa gereji, mtaa mzima unamheshimu, hakuna anayemshuku."

Nyundo akauliza, "Na huyo fundi ni nani?"

"Bado sijampata." Mwanawe alikuwa anatazama vidole vyake. "Sina cha kumlipa mwigizaji. Nilikuwa nafikiri, kama hutajali."

Mwingine angekasirika. Nyundo alifurahi, na furaha yake ilimshangaza mwenyewe. Tangu utotoni kijana huyu hakuwahi kumwomba kitu. Angeombwa auze gereji angeuza. Aliweka sharti moja tu: "Nitaua wote unaowataka. Kunyonga, kuponda, kuburura, sawa. Lakini kofi, hapana."

Mwanawe alitoa kalamu akafuta mstari mmoja kwenye skripti. "Sawa, baba," akasema.

Sasa hiyo timu ya filamu, mtu angeiona njiani angedhani ni watu wanaohama nyumba. Mpiga kamera walimwita Harusi, kwa sababu maisha yake yote alipiga picha za maharusi, na hata maiti alimwambia ageuze uso kidogo atabasamu. Wa kufa kwanza alikuwa mkewe Nyundo, aliyepewa nafasi ya jirani mwenye macho mengi, nafasi ambayo majirani walisema haikuhitaji mazoezi. Wa kufa wa pili alikuwa Harusi mwenyewe, kamera ikiwa imewekwa juu ya pipa tupu. Wa kufa mwisho alikuwa kinyozi wa duka la pembeni, aliyekubali ili wateja wake wamwone kwenye skrini. Usiku waliutengeneza mchana: waliziba madirisha na mlango kwa mablanketi, wakafunga taa moja kwenye fito, basi.

Damu ilikuwa sharubati nzito ya sukari iliyotiwa rangi, na nzi waligundua utamu wake kabla ya mtu yeyote. Mama alikuwa amelazwa ndani ya shimo la kukagulia magari, ambamo muuaji alificha maiti zake, tundu jekundu limechorwa kwenye paji la uso, na kila baada ya muda mkono wake uliinuka.

"Mama, maiti hapungi nzi," mwanawe akamwambia.

"Basi waambie nzi nimekufa."

Mama huyo huyo ndiye aliyesababisha itungwe sheria. Alikatiza mauaji mara mbili, mara ya kwanza kumwambia mumewe afunge kifungo, mara ya pili kusema kwamba hakuna mwanamke anayekimbilia chumba kisicho na mlango wa pili. Mwanawe alicheka, kisha akasimama katikati ya gereji akawatangazia wote. Kamera ikiwaka, haizimwi na hakuna anayesogea mpaka dairekta aseme kata. Hata nyumba iungue. Na dairekta, yaani mwongozaji, ni mmoja: yeye. Harusi aliishika sheria hiyo kama dini, kwa kuwa kwenye harusi kila shangazi humwamrisha.

Basi Nyundo akaua. Nyundo ya kuulia aliichonga mwenyewe kutoka kwenye mpira wa tairi, akaipaka rangi ya fedha kwa ufundi ule ule wa kupaka bampa, hata kinyozi alikuwa akiiminya kila asubuhi ajihakikishie. Alimpiga mkewe nayo kwenye paji la uso, pigo juu ya pigo, sharubati ikaruka mpaka kwenye dari, akamburura kwa miguu hadi shimoni, kichwa chake kikigonga kila ufa wa sakafu. Alimshika Harusi kwa nywele akamzamisha kwenye pipa la maji ya kupimia matairi, akamshikilia humo huku miguu inatapatapa, akamtoa, akamzamisha tena. Mwanawe alisimama nyuma ya kamera, jicho moja limefumbwa, anasema polepole, "Vizuri, baba. Endelea. Usimwonee huruma."

Sharubati haikumtisha Nyundo. Kilichomtia hofu ni jinsi mwili wake ulivyokumbuka. Kupanua miguu, kushusha bega kabla ya pigo, kutafuta mahali ambapo mtu hana nguvu; hayo hakuna aliyemfundisha hapo gerejini, na kumbe hakuwa amesahau hata moja. Tena, na hili hakumwambia mtu, yalimpa raha. Neno "kata" lilipotamkwa akili yake ilitii papo hapo, lakini mkono ulichelewa kidogo, kila mara ulichelewa kidogo.

Kinyozi ndiye aliyelipia kuchelewa huko. Katika sini ya kunyongwa kwa waya, kipande ambacho kinyozi anazimia kabla ya kufungwa kitini, kata ikatamkwa, waya ukabaki umekaza. Kinyozi akarusha mateke, akateleza, akaangukia jeki kwa mdomo. Alipoinuka alikuwa na nusu ya jino la mbele mkononi.

"Mzee huyu haigizi," alisema, mate na damu vikimchuruzika. "Nakuambia dairekta, baba yako haigizi."

"Samahani sana. Imebaki sini moja tu," mwanawe Nyundo akamsihi.

"Kinyozi hajinyoi, na mimi sitajichimbia kaburi." Akavua shati la filamu, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaenda zake.

Nyundo aliingia nyuma ya gereji akaketi juu ya tairi. Mwanawe akamfuata na shati la kinyozi begani, akachuchumaa mbele yake.

"Nitakaa mimi kwenye kiti," alisema. "Mwathiriwa amefungwa kitambaa usoni, nani atajua si kinyozi? Shati linanienea." Akalivaa. "Na baba, kuna kofi."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, nikalitoa. Nimeandika upya mara nyingi na filamu inakufa mikononi mwangu. Mtu huyu ametumia nyundo, maji, waya. Lazima apige mara moja kwa mkono wake mtupu, bila chombo. Hilo kofi ndilo filamu yote, baba."

Nyundo aliinuka akaenda kunawa mikono. Jioni alimweleza mkewe, akitazamia kwamba atamshawishi, maana mwanamke huyo angeweza kumshawishi mtu anunue mvua. Ajabu, mkewe aligeuka haraka kuelekea jikoni. "Kama hutaki, usifanye," alisema akiwa amempa mgongo.

Lakini alitaka. Kadiri alivyolifikiria ndivyo alivyozidi kutaka. Kijana mwenyewe amekuja, kwa miguu yake, akaomba kofi. Basi amesahau, au sikio limepona kabisa hata halimkumbushi kitu. Na kofi la filamu halimgusi mtu. Nyundo alitamani mara moja tu katika maisha yake auelekeze mkono ule kwenye uso ule, na upite bila kuumiza, na mwanawe ainuke kitini mzima anacheka. Aliona kama akipata hilo, lile la kwanza litapungua uzito. Maji yakimwagika hayazoleki, alilijua hilo kama wewe na mimi, ila mwenye kiu bado huyaangalia.

Walijaribu asubuhi. Mwanawe aliketi kwenye kiti cha chuma katikati ya gereji, mikono imefungwa nyuma ya kiti kwa kamba ya kweli, macho bado wazi. Mpango ulikuwa hivi. Nyundo anasimama kando ya kiti, anaguna kama mtu anayeinua mzigo. Mguno huo ndio alama, kichwa cha mwanawe kinaanguka pembeni, na kiganja kinapita hewani upana wa vidole viwili kutoka shavuni. Sauti ya kofi itatiwa baadaye. Nyundo akaguna, kichwa kikaanguka, kiganja kikapita. Wakarudia. Kikapita tena. Mara ya tatu Nyundo alicheka, na mkewe, aliyekuwa tayari ndani ya shimo na tundu lake kwenye paji la uso kwa ajili ya picha ya maiti, alisikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu wakiwa vijana.

"Sasa kitambaa," Harusi akasema. "Na skripti inasema muuaji anawasha gari ili majirani wasisikie mayowe. Tuwashe, moshi utapendeza kwenye taa."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu la Nyundo, limeegeshwa kulia mwa kiti, boneti wazi. Lilipowaka bati zote za gereji zilitetemeka. Mwanawe alilitazama gari, akamtazama baba yake aliyesimama kushoto, akafungua mdomo. Harusi alikuwa anatazama saa. Mchana ule alikuwa na harusi ya kweli. Kijana akaufunga mdomo. Hapo ndipo kosa lilipoingilia, kwa watu wa nyumba ile ambao hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake ukweli wa sikio lile.

Wakamfunga kitambaa usoni.

"Ekshen," aliamuru mwenyewe kutoka kitini, waanze.

Nyundo alizunguka kiti mara moja, polepole. Akasimama kushoto. Akashusha bega, akaguna.

Kichwa hakikusogea.

Mkono ulikuwa umeshatoka. Alijaribu kuuvuta, na waliokuwepo watakuapia kwamba alijaribu, hata kiwiko kilipinda, lakini mkono ule ulikuwa na desturi yake ya kuchelewa kutii. Kiganja kililala chote juu ya sikio la kushoto. Kiti kikapinduka. Kichwa kikagonga saruji, mdomo ukapasuka kwenye meno, na damu iliyomwagika hapo haikuwa na sukari ndani yake. Mwanawe, macho yamefungwa, mikono imefungwa, alijikunja sakafuni akitafuta hewa.

Injini ilinguruma. Taa nyekundu ya kamera bado iliwaka.

"Zima," Nyundo akasema.

Harusi alikuwa anatetemeka mpaka picha inatetemeka. "Dairekta hajasema," akajibu.

Nyundo akapiga magoti, akararua kitambaa, akamwinua kichwa. "Niliguna," alisema, akipayuka juu ya injini. "Mwanangu, niliguna. Kwa nini hukuinama? Niliguna kwa nguvu."

Mwanawe hakumtazama machoni, alimtazama midomo. "Sikusikia, baba. Injini ilikuwa huku." Alilamba damu. "Huko kwingine sisikii."

"Tangu lini?"

Nyundo aliuona uso ule, uso wa siku ile mbele ya daktari, na akajua kwamba mwanawe yuko tayari kusema uongo mwingine kwa ajili yake, hapo hapo alipolala.

Mama ndiye aliyejibu. Alikuwa amepanda kutoka shimoni, nywele zimegandana kwa sharubati, tundu la mauti kwenye paji la uso. "Tangu siku ile," alisema. "Halikupona hata siku moja. Nilikudanganya, mume wangu. Ulikuwa umeacha kula, na mimi nilikuwa na mgonjwa mmoja tayari."

Nyundo aliinuka. Alitazama kiganja chake cha kulia kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akaenda kwenye ukuta wa zana akachukua nyundo, ile ya chuma, na Harusi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa blanketi. Lakini Nyundo aliliendea pikapu. Alipiga mlango. Kioo kikamwagika. Akapiga tena, bati likabonyea, akapiga alipokwisha kupiga, bati likapasuka na makali yake yakamchana mkono, akaendelea kupiga na mkono unaovuja, kinywa wazi, na hakuna aliyejua kama anapiga mayowe au la, kwa sababu ya injini. Mlango aliounyoosha kwa mikono yake aliurudisha kuwa chakavu. Bawaba ya juu ilipokatika mlango ulining'inia, akaupiga hivyo hivyo ukining'inia.

"Kata," mwanawe akasema kutoka sakafuni.

Safari hii mkono ulitii.

Sini ya mwisho, ambamo muuaji anamponda kijana kwa nyundo ya mpira, haikupigwa. Nyundo alisema hapana na mwanawe akasema haihitajiki. Harusi akaenda kwenye harusi yake. Kwa wiki nyingi mwanawe alijifungia chumba cha uani akiunga vipande vya filamu, na Nyundo alipopita dirishani alimwona na vile vifaa vya masikioni kichwani, upande wa kulia umekaa sikioni, wa kushoto umesukumwa nyuma. Mara ngapi alikuwa amemwona hivyo na kudhani ni mtindo wa vijana.

Alitaka kumwomba radhi. Hilo ndilo jambo moja alilolitaka duniani, na hakulijua. Kunyoosha, kupaka, kupiga, hayo alifunzwa. Kuomba radhi hakukuwamo. Alisimama mlangoni pa chumba kile na chai mkononi mpaka chai ikapoa, akaiweka chini, akaondoka. Mkewe alimwambia akaseme. Alijibu kwamba atasema. Alikuwa na woga kuliko kinyozi.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa shule, ukutani, kwenye shuka jeupe. Mtaa mzima ulikuja. Kinyozi alikaa mstari wa mbele na jino la bandia. Nyundo alikaa kushoto kwa mwanawe, kulia kwa kijana akakaa Harusi, na mama akakaa nyuma yao ili awasikie majirani. Watu walipenda sana kuuawa kwao. Mama alipoburutwa ukumbi ulipiga yowe la furaha, Harusi alipozama pipani watoto walihesabu kwa pamoja, na kinyozi alipokabwa mtu mmoja aliuliza kama nywele za wateja zimelipiziwa kisasi.

Kisha kikaja kiti cha chuma. Ikaja injini, ukumbi ukatetemeka nayo. Muuaji akazunguka, akasimama, akaguna. Kofi likalia, kofi la kweli, na wanawake kadhaa wakashika mashavu yao.

Na baada ya kofi hapakuwa na sauti.

Picha iliendelea. Kiti kilikuwa kimeanguka, taa inayumba, moshi unapanda, injini inaonekana ikitetemeka, lakini ukumbini palisikika mlio mmoja tu, mwembamba, wa juu, usiokatika. Watu wakaanza kunung'unika. "Sauti," mmoja akaita. "Fundi, spika imekufa." Mwingine akainuka kwenda kuipiga spika ngumi. Mwanamke aliyekaa mbele ya Nyundo alipunga mkono karibu na sikio lake, mara mbili, kama anafukuza kitu.

Hapo Nyundo akamtambua yule mbu. Alikuwa amemfungia chandarua, amempulizia dawa, amemfukia dimbwi, na mbu alikuwa ndani ya sikio la mwanawe miaka yote, analia. Ukutani alijiona anaupiga mlango, kinywa wazi, mishipa ya shingo imetoka, na hakuna pigo linalosikika. Hakuwahi kuuona uso wake anapopiga. Aliuona sasa, mkubwa kama ukuta, kama mtoto wa miaka tisa alivyouona.

Akainama kwa mwanawe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nisamehe," alisema.

Mwanawe hakugeuka. Alikuwa anatazama ukuta, uso umetulia. Nyundo alisubiri jibu, na aliposubiri ndipo alipokumbuka amekaa upande gani.

Aliinuka. Akapita mbele ya magoti ya mwanawe, kivuli chake kikafunika shuka zima, na ukumbi ukampigia miluzi. "Mzee, kaa chini, tunatazama." "Kwanza sauti hakuna, sasa na picha hakuna."

Kinyozi aligeuka akamwona. "Mwacheni," alisema. "Huyo haigizi."

Nyundo akapiga magoti kwenye sakafu, kati ya mwanawe na Harusi, akaweka mdomo wake karibu na sikio la kulia.

"Nisamehe, mwanangu," alirudia. "Hukuanguka. Nilikupiga."

Mbu aliendelea kulia. Mwanawe hakuyaondoa macho ukutani, lakini aliuma mdomo, ule wenye kovu jipya. Aliuweka mkono wake juu ya kiganja cha baba yake, kile cha kulia, akakibana.

"Nimesikia, baba," alisema. Akamgusa Harusi begani asogee. "Kaa upande huu."